Dari, Taa na Macho ya Mzee



Katika toleo lililopita tuliahidi kwamba juma hili tutaandika juu ya dari. Tulidhani tutasema machache na kupita, maana dari ni kitu ambacho mwenye nyumba hukitazama siku anapomlipa fundi, kisha akakisahau. Safari yetu ya Kisumu ikatubadilisha nia. Huko tulikaa siku kumi katika nyumba ya ndugu yetu mmoja, nyumba mpya upande wa Mamboleo ambayo ilikuwa haijamalizika, na tukamkuta mtu ambaye hana la kutazama ila dari.

Mtu huyo ni baba wa ndugu yetu. Alizaliwa Mombasa, akaenda Kisumu akiwa kijana kufanya kazi katika meli za Ziwa, siku zile reli na bandari zote zilipokuwa mikononi mwa shirika moja la Afrika Mashariki, na hakurudi tena pwani ila kwa harusi na matanga. Mwaka jana alipatwa na kiharusi. Akili yake ni timamu na ulimi wake ungali mkali, lakini upande wa kushoto haumtii, na muda mwingi hulala chali juu ya kitanda alichowekewa pembeni mwa sebule ili asitengwe na watu. Ndugu yetu aliharakisha kumaliza nyumba kwa ajili yake. Akaajiri mafundi wa dari ya jipsamu, akawaonyesha picha katika simu yake: sebule nyeupe, dari laini kama karatasi, na taa ndogo kumi na sita zimezamishwa ndani yake kwa safu nne zilizonyooka. Alitaka hiyo hiyo.

Picha ile ilikuwa nzuri, hatukatai. Taa za kuzama zina haiba yake: hakuna waya unaoning'inia, hakuna kikombe cha kukusanya vumbi, hakuna kitu cha kugonga kichwa cha mgeni mrefu. Tulipofika, matundu manne ya mwanzo yalikuwa yamekwisha kutobolewa na taa nne kutiwa. Usiku wa kwanza ziliwashwa. Watoto wakashangilia. Mzee akafunga macho, akaweka mkono wake mzima juu ya paji la uso, na akabaki hivyo mpaka taa zilipozimwa baada ya Isha. Hakulalamika. Asubuhi shemeji yetu alituambia, kwa sauti ya chini, kwamba amekuwa akilala hivyo siku tatu.

Tukamwendea. "Shikamoo Mzee. Taa zinakuudhi?"

"Marahaba. Mimi ni mtu wa meli, wanangu," akasema. "Usiku penye usukani hatukuwasha taa. Mshika usukani akitazama taa hawezi kuona maji. Taa ni ya kumulika kitu. Hii yanimulika mimi."

Tangu hapo shauri la picha likaisha, na shauri la dari likaanza upya.

Kwanza tuseme jambo linalojulikana kwa wataalamu wa macho, nalo lina pande mbili. Jicho la mtu wa miaka sitini hupokea takriban theluthi moja tu ya mwangaza unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka ishirini, kwa kuwa mboni huwa ndogo na lenzi hubadilika rangi ikawa ya manjano. Basi mzee ahitaji mwanga zaidi, si kidogo. Lakini lenzi hiyo hiyo huutawanya mwanga uingiao moja kwa moja, kama kioo cha gari chenye vumbi kinapopigwa na jua la asubuhi, na kwa hiyo mng'ao humwumiza mzee kuliko kijana. Aongezewe mwanga, lakini asiione taa. Kazi ya taa ya kuzama, ikisanifiwa vema, ni hiyo hasa. Ikisanifiwa vibaya, hufanya kinyume chake: huchukua nukta kali ya mwanga na kuiweka mahali ambapo aliyelala chali hawezi kuikwepa.

Tulichofanya hakikuhitaji elimu kubwa. Mmoja wetu alilala juu ya kitanda cha Mzee, kichwa pale pale kinapokaa kichwa chake. Mjukuu akafunga simu yenye tochi juu ya mti wa fagio, akainyanyua mpaka ikagusa dari, akatembea nayo chumba kizima pole pole. Aliyelala alisema "hapa yaudhi" au "hapa haidhuru", na mwingine akatia alama kwa penseli juu ya karatasi. Kisha tukakaa juu ya kila kiti na kufanya vivyo hivyo. Saa moja haikuisha. Ilidhihirika kwamba nusu nzima ya dari iliyo juu ya kitanda haifai kutobolewa hata tundu moja, na kwamba mahali pazuri kuliko pote ni ukanda ulio karibu na ukuta wa upande wa pili, ambako taa humwaga mwanga wake juu ya ukuta mweupe, na ukuta ndio unaomrudishia Mzee mwanga huo ukiwa umepoa.

Hapa kuna kipimo kimoja ambacho mafundi wengi hukikosea. Taa ikiwa karibu mno na ukuta, sema sentimita thelathini, huchora juu ya ukuta matao makali ya mwanga na kivuli, na huonyesha kila kovu la lipu. Ikiwa mbali mno, ukuta hubaki na giza na chumba huonekana kama pango. Kwa dari ya mita 2.7 kama ile, tuliweka sentimita sabini kutoka ukutani, na kati ya taa na taa mita moja na robo au zaidi kidogo. Kanuni ya kienyeji ni kwamba nafasi kati ya taa iwe kama nusu ya kimo cha dari. Si sheria, lakini humwokoa mtu asitoboe dari ikawa chujio. Taa kumi na sita zikawa nane. Kila moja ni ya wati 7, yatoa takriban lumeni 600, na kwa chumba kile cha mita za mraba ishirini zilitosha na kusaza. Zikagawanywa katika swichi mbili, ili usiku wa manane ziwake tatu za ukutani tu.

Ndugu yetu aliona uchungu. Alikuwa amekwisha kununua kumi na sita. Tulimwambia azitunze zile nane za ziada, na sababu ya ushauri huo tutaieleza mbele.

Yafaa tukumbushane kwamba wazo la kuzamisha kitu ndani ya ukuta au dari ili uso wa nyumba ubaki safi halikuletwa kwetu na simu. Wale waliopata kuingia katika nyumba za kale za Lamu, mji ambao tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, wameziona zidaka: safu juu ya safu za vishimo vilivyochongwa ndani ya ukuta wa ndani, kingo zake zote zimekatwa katika chokaa ile ile ya ukuta. Hakuna fremu iliyopigiliwa juu yake kuficha kosa. Ukingo wenyewe ndio umaliziaji. Na vyumba vile ni vyembamba kwa kuwa dari yake yabebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuwa ndefu kuliko mti ulioizaa. Fundi alikubali kipimo hicho, akatafuta uzuri ndani yake. Mzee alipotusikia tukizungumza hayo alicheka, akasema kwamba nyumba ya bibi yake ilikuwa na shubaka la taa nyuma ya mlango, ambalo mtu aliyeketi hakuweza kuona moto wake, aliona nuru tu.

Sasa umaliziaji. Taa za kuzama ni za namna mbili kwa upande wa ukingo. Namna ya kwanza ina pete, yaani duara jembamba linalolala juu ya uso wa dari na kuficha mpasuko kati ya taa na tundu. Namna ya pili haina pete ionekanayo: kuna kishikizo kinachofungwa katika bamba la jipsamu, kikafunikwa kwa utepe wa wavu na lipu laini, tabaka baada ya tabaka, kikasuguliwa kwa msasa mpaka dari ikafika kwenye tundu bila mstari wowote. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa katika picha ya ndugu yetu, na ndiyo ipendezayo zaidi. Hata hivyo tulimshauri aiache.

Sababu ni paa. Nyumba ile ni ya mabati juu ya mbao, kama nyumba nyingi za Kisumu. Mchana jua la pale huyachoma mabati mpaka nafasi iliyo juu ya dari ikawa kama tanuri; kisha alasiri mawingu hujikusanya juu ya Ziwa, radi hupiga, mvua humwagika, na joto huanguka ghafula. Mbao hutanuka na kusinyaa kila siku. Ukingo wa lipu usio na pete hauvumilii mwendo huo: baada ya misimu miwili utauona ufa mwembamba kama unywele ukizunguka kila taa, na hakuna lipu itakayouficha ila kurudia kazi nzima. Chini ya sakafu ya zege ya ghorofa, ambako kiunzi cha dari hakitikisiki, tungesema fanya. Chini ya mabati, chagua pete, lakini chagua vema. Iwe nyembamba. Isiwe ya kung'aa, kwa maana pete ing'aayo juu ya rangi isiyong'aa hujitangaza kuliko taa yenyewe. Na weupe wake ulinganishwe na weupe wa dari kabla ya kununua, kwa kuwa weupe ni wa aina nyingi. Ukikosa unaofanana, pete hupakwa rangi ile ile ya dari kabla ya kutiwa. Na taa ndani ya pete iwe imezama kwa kina, si sawasawa na uso wa dari. Ndipo aliyeketi pembeni asione ila tundu tulivu.

Usafi wa kazi hii huamuliwa kabla bamba la kwanza la jipsamu halijafungwa. Mafundi wa Mzee walikuwa wamefunga mabamba kwanza, na mafundi wa umeme wakaja baadaye kutafuta mahali pa kutoboa. Tundu moja likaangukia chuma cha kiunzi. Fundi akakikata chuma. Siku chache baadaye dari pale ilikuwa imeinama kidogo, na jicho likishaona kuinama huko halioni tena kitu kingine. Jingine lilitobolewa juu ya maungio ya mabamba mawili, likamomonyoka. Ilibidi bamba zima lishushwe. Utaratibu ulio sawa ni mchoro kwanza, kisha kiunzi kikwepe alama za taa, kisha nyaya, kisha mabamba, na mwisho matundu, yakikatwa kwa msumeno wa duara wenye kipimo kamili cha taa. Kisu cha mkono hutoa tundu lenye umbo la yai, na pete nyembamba haiwezi kulisitiri.

Tumesema habari ya uzuri. Sasa tuseme habari ya mwambao wa Ziwa, ambayo mchora picha yule hakuijua.

Wakaao pwani hawajapata kuona wadudu kama wale wa Ziwa. Nyakati fulani huinuka juu ya maji kwa wingi wa kushangaza, ukidhani ni moshi, na upepo ukivuma kuelekea mjini huja majumbani wakati wa Magharibi. Hawaumi. Lakini hupenda taa, na kufumba na kufumbua taa huwa imejaa. Wavuvi wa omena wameijua tabia ya nuru juu ya maji yale muda mrefu: hutoka usiku usio na mbalamwezi, wakaelekeza taa katika maji, na samaki wakaifuata. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Mwaka 2008 kampuni ya OSRAM ilifungua kituo huko Mbita cha kuwakodishia wavuvi taa za umeme zenye kuchajiwa kwa jua, na leo taa za betri zimeenea. Nuru inayomvuta omena baharini mle humvuta mdudu sebuleni, na taa ya kuzama yenye uwazi kati ya kioo na pete huwa mtego. Katika nyumba moja ya jirani tulionyeshwa taa ambazo nusu ya kioo chake ilikuwa nyeusi kwa mizoga.

Basi tazama namba ya IP iliyoandikwa juu ya boksi. Tarakimu ya kwanza yahusu vumbi na wadudu, ya pili yahusu maji. Kwa nyumba iliyo karibu na Ziwa tungependa 65, na si msalani peke yake. Na rangi ya nuru iwe ya joto, kelvini 2700 au 3000, badala ya ile nyeupe ya samawati ya 6500 ambayo maduka mengi humpa mtu asiyeuliza. Wadudu huvutwa zaidi na nuru ya samawati; na Mzee, alipoonyeshwa zote mbili, aliita ile ya 6500 "taa ya hospitali".

Lakini wadudu wa Ziwa ni kero tu. Mbu ni jambo jingine. Kandokando ya Ziwa malaria ingali ni ugonjwa wa kila siku, na mbu wa Anopheles hupendelea kuingia nyumbani kupitia uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Dari iliyozibwa humzuia. Kila tundu la taa lililo pana kuliko taa yake ni dirisha tulilomfungulia wenyewe, juu ya kitanda cha mtu asiyeweza kujipigia kofi upande mmoja wa mwili. Tulipopima yale matundu manne ya mwanzo, mawili yaliweza kupitisha kidole pembeni mwa pete. Yakazibwa, na kila taa mpya ikatiwa chini ya pete yake mkanda mwembamba wa sponji wa kuziba. Ni gharama ndogo mno, tena hazungumzi nayo mtu.

Na huko juu, penye giza, ndiko tulikokuta lililotutisha. Katika ukumbi mdogo wa kuelekea vyumbani kulikuwa na taa iliyotiwa mwezi mmoja kabla, na kuizunguka dari ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya chai. Tuliishusha. Nyaya zilikuwa zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe, utepe umeyeyuka, na kisanduku kidogo cha umeme cha taa ile, ambacho mafundi hukiita draiva, kilikuwa kimelazwa juu ya mbao, kimefunikwa na mabaki ya kiota cha panya. Fundi aliyefanya kazi ile hatumtaji, na hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyepanda kumkagua. Ndugu yetu aliikaa kimya taa ile mkononi mwake kwa muda. Chumba cha watoto kilikuwa hatua nne kutoka pale.

Siku hiyo hiyo kazi ilisimamishwa, akatafutwa fundi mwenye leseni ya EPRA, kama sheria ya Kenya inavyotaka. Akarudia maungio yote ndani ya visanduku vyenye vifuniko. Akahakikisha kwamba taa zenye mwili wa chuma zimeunganishwa na waya wa ardhi, isipokuwa zile zenye alama ya mraba ndani ya mraba, ambazo kinga yake ni maradufu. Akaacha nafasi ya hewa juu na pembeni ya kila taa, kwa kuwa taa za LED hazitoi joto kama halojeni za zamani za wati 50, lakini zenyewe huliogopa joto. Katika tanuri la mabati hufa mapema. Na katika ubao mkuu wa umeme akatia kizuizi cha mawimbi ya ghafula, maana nchi ile kati ya Ziwa na milima ya Kisii na Kakamega ni miongoni mwa zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi duniani, na draiva ndizo za kwanza kuungua.

Veranda tuliiacha bila taa ya kuzama kabisa. Pale ilitiwa taa moja ya ukutani, ya manjano, mbali na mlango.

Kazi ilimalizika siku ya tisa, alasiri. Kisumu jua huchelewa kuzama kwa dakika kama ishirini kuliko Mombasa, na kwa sisi tuliozoea saa za pwani Magharibi ilionekana haitaki kuja. Ilipokuja, swichi ya ukuta ikawashwa peke yake. Watoto hawakushangilia mara hii. Walisema taa ziko wapi. Mzee alikuwa macho wazi, anatazama ukuta ambako shemeji yetu alikuwa ametundika picha ya zamani ya mabaharia wenzake wamesimama gatini. Akaanza kuwataja kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kutoka kushoto. Mmoja alimsahau, akanyamaza akimtafuta, na hakuna aliyemharakisha.

Zile taa nane za ziada, ndugu yetu hakuzirudisha dukani. Taa za namna hii hubadilishwa umbo kila mwaka, na ikifa moja baada ya miaka mitatu, dukani hutapata nyingine ya tundu lile. Ndipo watu hulazimika kupanua tundu au kuweka pete pana juu ya dari nzima. Amezitia katika boksi ndani ya kabati, na nyuma ya mlango wa kabati ameandika kwa kalamu ya wino mzito kipenyo cha tundu, jina la rangi ya dari na tarehe.